Kupima Kabla ya Kulipa: Gharama na Ubora wa Nyumba ya Mwanachama

Kila msimu, baada ya minada ya korosho kuanza mwezi wa Oktoba, ofisi za vyama vya msingi katika uwanda wa juu wa Makonde hupokea wageni wa namna mbili. Wa kwanza huja kuuliza kama malipo ya mnada yamekwisha kuingia benki. Wa pili huja majuma machache baadaye: ni mwanachama yule yule, ila safari hii amefuatana na fundi mwashi, na wote wawili wanamwomba Katibu awaandikie mapatano ya kujenga nyumba. Katibu huandika majina mawili na jumla ya fedha, sahihi zikatiwa, watu wakapeana mikono. Ifikapo mwezi wa Machi, mvua ikiwa imeshika, watu wale wale hurudi ofisini, na sasa hawasemezani.

Ugomvi wa namna hii ni nadra kutokana na wizi ulio wazi. Mara nyingi chanzo chake ni kwamba hakuna kitu kilichopimwa. Mapatano yalitaja nyumba ya vyumba vitatu na kiasi cha fedha, basi. Hayakutaja urefu wa ukuta, unene wa zege, wala mchanganyiko wa saruji na mchanga. Fedha ilitolewa kila fundi alipoiomba, si kila kazi ilipokwisha. Matokeo yake ni boma lisilo na paa, kuta zinazonyeshewa, na jasho la misimu mitatu limesimama kiwanjani likiota majani. Mwenye boma hilo hushindwa kununua salfa ya mikorosho mwaka unaofuata, na hapo hasara yake huanza kuonekana pia katika vitabu vya chama.

Ni ajabu kwamba jambo hili huwapata wanaushirika. Tangu mfumo wa stakabadhi ghalani ulipoanza kutumika katika korosho mwaka 2007, mkulima hakubali gunia lake lipokelewe bila mizani, bila kuangaliwa unyevu na daraja, na bila karatasi. Mkulima huyo huyo hupokea lori la mchanga kwa kulitazama kwa macho.

HESABU YA KIASI

Mzee mmoja wa uwanda huo alifika kwa Katibu wa chama chake akiwa na karatasi ya fundi. Karatasi ilisema: matofali ya saruji ya inchi sita, 2,800. Katibu akauliza ramani iko wapi. Mzee akajibu kwamba nyumba imekwisha kuchorwa kiwanjani kwa kijiti. Wakaenda wote watatu, Mzee, fundi na Katibu, wakapima mchoro ule kwa futi kamba.

Nyumba ilikuwa na urefu wa mita 9 na upana wa mita 8. Kuta za nje kwa mzunguko ni mita 34, na kuta za ndani zilipojumlishwa zilikuwa mita 22. Jumla mita 56. Kimo cha ukuta kutoka sakafuni kilikubaliwa kuwa mita 3, kwa hiyo eneo la kuta ni mita za mraba 168. Milango sita na madirisha sita yalichukua karibu mita za mraba 22, zikabaki 146. Tofali la inchi sita, lenye urefu wa sentimita 45 na kimo cha sentimita 22.5, likijengwa pamoja na udongo wake wa saruji, huingia karibu matofali 9 katika mita moja ya mraba; kwa kuwa mengine huvunjika, huhesabiwa 10. Hayo ni matofali 1,460. Chini ya sakafu, ukuta wa msingi ulikuwa na kimo cha sentimita 75, yaani mita za mraba 42, na huko matofali hulazwa, kwa hiyo huingia 14 kwa kila mita ya mraba pamoja na ya kuvunjika. Hayo ni 588. Jumla yote ni 2,048, au tuseme 2,050.

Tofauti ilikuwa matofali 750. Fundi hakuwa mwizi. Alikadiria kwa macho, kisha akaongeza ili asije akalaumiwa kazi ikikwama kwa upungufu. Lakini matofali 750 ni fedha nyingi, na katika hesabu ya Mzee fedha hiyo ilitosha kununua sehemu kubwa ya mbao za kupaulia.

Inafaa ieleweke kwa nini hesabu ianze kwa kiasi na si kwa shilingi. Bei ya saruji hupanda na kushuka, nauli ya lori hubadilika kwa hali ya barabara, lakini ukuta wa mita 56 utabaki kuwa wa mita 56. Mwenye orodha ya kiasi anaweza kuuliza bei katika maduka matatu na kulinganisha. Mwenye jumla ya shilingi peke yake hana cha kulinganisha.

Kwa njia hiyo hiyo ulihesabiwa mkanda wa zege upitao juu ya milango na madirisha, ambao mafundi huuita linta. Nondo nne zikipita mita 56 ni mita 224. Kwa kuwa nondo hupishana pale zinapoungwa, huongezwa sehemu moja kwa kumi, zikawa kama mita 246. Nondo moja ina mita 12, kwa hiyo zinahitajika 21. Ringi zikiwekwa kila baada ya sentimita 20 ni 280. Hesabu hizi hazihitaji elimu kubwa. Katibu anayeweza kufunga hesabu za msimu anaweza kuzifanya. Nyumba ya ghorofa, au ya kiwanja chenye mteremko mkali au udongo wa mfinyanzi unaopasuka kiangazi, ni jambo jingine: hiyo ipelekwe kwa mhandisi. Kibali cha ujenzi nacho kifuatwe kwa kadiri ya taratibu za halmashauri husika.

Kuna gharama moja ambayo karibu kila orodha huisahau, nayo ni maji. Uwanda wa Makonde ni mkavu kwa maji ya kuchota, na kaya nyingi hutegemea visima vya kuvunia mvua. Mfuko mmoja wa saruji katika zege hutaka lita 25 hadi 30 za maji, na matofali na kuta hutaka kumwagiliwa kwa siku nyingi baadaye. Mwanachama anayenunua maji kwa ndoo na ambaye hakuyaweka katika hesabu hushawishika kuyapunguza pale pale yanapohitajika zaidi.

FEDHA NA MVUA HUJA PAMOJA

Ugumu wa pekee wa mkulima wa korosho ni kwamba fedha yake huingia kati ya Oktoba na Januari, na mvua kubwa hufuata nyuma yake hadi Aprili. Mwenye haraka hupandisha kuta mwezi wa Desemba akitumaini kupaua Januari. Mnada wa mwisho ukichelewa, kuta hubaki wazi.

Msimu wa 2018 ni mfano ambao wengi wanaukumbuka. Minada ilikwama, Serikali ikatangaza mwezi wa Novemba kwamba ingenunua korosho zote kwa shilingi 3,300 kwa kilo, na malipo ya wakulima wengi yaliendelea hadi mwaka 2019. Aliyekuwa ameanza kujenga kwa kutegemea fedha ambayo haijaingia katika akaunti yake alikuwa amejenga kwa matumaini.

Kwa hiyo nyumba igawanywe katika hatua ambazo kila moja inaweza kusimama peke yake bila kuharibika. Msingi uliojazwa kifusi na kumwagwa jamvi unaweza kungoja mwaka mzima. Kuta zilizofungwa linta lakini hazina paa hazipaswi kungoja. Ni afadhali mwanachama mwenye fedha ya kufikia linta tu asimame kwenye jamvi, akanunue mabati na nondo, kisha apandishe kuta na paa kwa pamoja msimu unaofuata.

Hapa wengi hukosea katika kuchagua kifaa cha kuhifadhi. Mabati, nondo, kokoto na mchanga huweka fedha vizuri kama vikitunzwa. Saruji haiweki. Hunyonya unyevu wa hewa hata ikiwa ndani ya mfuko, na ikikaa zaidi ya miezi mitatu nguvu yake hupungua sana. Aliyenunua mifuko 60 mwezi wa Desemba ili aitumie mwezi wa Agosti hujikuta na mawe yenye umbo la mifuko. Hata ile ya juma moja ipangwe juu ya mbao, mbali na ukuta na mbali na sakafu, na iliyotangulia kuja itangulie kutumika.

KUPOKEA VIFAA

Mchanga huuzwa kwa tripu, na tripu si kipimo. Kabla lori halijamwaga, bodi lake lipimwe: urefu mita 4, upana mita 2, na kimo cha mchanga sentimita 60, ni mita za ujazo 4.8. Lori jingine lenye jina lile lile la tani saba laweza kuleta mita 4 tu. Ukishamwagwa chini hakuna ajuaye tena.

Usafi wa mchanga hupimwa kwa chupa nyeupe ya lita moja. Mchanga hutiwa hadi nusu, maji hadi robo tatu, na kijiko kidogo cha chumvi. Chupa hutikiswa kwa nguvu, kisha huachwa imesimama kwa saa tatu. Mchanga hukaa chini na udongo laini hujipanga juu yake kama utando. Ikiwa mchanga una sentimita 10 na utando umezidi sentimita 1, mchanga huo haufai kwa zege. Mchanga mwekundu wa juu ya uwanda hushindwa katika jaribio hili mara kwa mara. Kuuosha kwahitaji maji ambayo hayapo, kwa hiyo mara nyingi ni nafuu kulipa nauli ya mchanga wa bondeni.

Saruji iwe na alama ya Shirika la Viwango Tanzania, na namba iliyoandikwa mfukoni isomwe. Saruji ya 32.5 yatosha kwa kujengea ukuta na kupigia lipu; kwa linta, nguzo na zege lenye nondo itumike ya 42.5. Tofauti ya bei ni ndogo ikilinganishwa na kazi yake.

Matofali ya saruji ndipo mahali mwanachama anapoibiwa bila kujua, hata na mtu asiyekusudia kuiba. Mfyatuaji husifiwa kwa kutoa matofali mengi katika mfuko mmoja. Hesabu yake ni rahisi. Tofali la inchi sita lisilo na tundu lina ujazo wa lita 15. Mfuko wa saruji una lita 35. Ukitoa matofali 25, mchanga na saruji vimekuwa lita 380, yaani saruji ni sehemu 1 katika karibu sehemu 11. Ukitoa 30, ni sehemu 1 katika 13. Ukitoa 40, kama wengine wanavyojisifu, ni sehemu 1 katika 17, na tofali hilo ni mchanga uliokubali kusimama kwa muda. Kwa ukuta unaobeba paa mwanachama asivuke 25, na ikiwa mchanga ni laini ashuke zaidi.

Tofali lililokomaa lijaribiwe kabla kundi zima halijapokelewa. Yachukuliwe matano kutoka sehemu mbalimbali za rundo, si yale ya juu aliyoyapanga muuzaji. Lidondoshwe kutoka kimo cha kiuno juu ya ardhi ngumu. Likisambaratika, rundo lina kasoro. Likikwaruzwa kwa msumari lisitoe unga kwa wepesi. Pale palipo na matofali ya kuchoma, mawili yakigonganishwa yatoe mlio wa chuma, na likilowekwa usiku kucha uzito wake usiongezeke kwa zaidi ya sehemu moja kwa tano. Uzito huo hupimwa kwa mizani.

Hapo ndipo Mzee aliyetajwa alipomfungua macho Katibu wake. Nondo zake 21 zilikuwa zimekwisha kununuliwa, na zilikuwa zimeegemea ukuta wa ghala la chama zikingoja mkokoteni. Katibu akazisifu. Mzee akamwambia, "Mwanangu, korosho zangu mlizipima mpaka vumbi lake. Hizi nani amezipima?"

Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 yapaswa kuwa na uzito wa kama kilo 10.7. Ya milimita 10 ni kilo 7.4, ya milimita 8 ni kilo 4.7, na ya milimita 16 ni kilo 19. Asiyekumbuka namba hizo anaweza kuzipata: milimita za unene huzidishwa kwa zenyewe, zikagawanywa kwa 162, na jibu ni kilo za mita moja. Mbao mbili zikatandikwa juu ya mizani ya ghala, uzito wake ukaandikwa, nondo tano zilizokunjwa zikawekwa juu. Ilitarajiwa kilo 53 na nusu. Mizani ikaonyesha, baada ya kutoa uzito wa mbao, kilo 39 na nusu. Kila nondo ilikuwa na kilo 7.9, yaani zaidi ya robo ya chuma alichokilipia haikuwapo. Kwa jicho nondo zile hazikuwa na tofauti, na rangi iliyopakwa nchani ilikuwa ile ile ya milimita 12.

Mzee alikuwa na risiti ya mashine iliyoandika idadi na unene. Duka lilizirudisha na kutoa nyingine bila maneno mengi, kwa sababu karatasi ilisema milimita 12 na mizani ya ghala ilikuwa na muhuri wa Wakala wa Vipimo. Kama angekuwa ameandikiwa "vifaa vya ujenzi" tu, kama wanavyoandikiwa wengi, asingekuwa na la kusema.

Bodi za vyama zinaweza kuruhusu mizani itumike kwa kazi hii nje ya saa za kupokea mazao. Hakuna gharama, ila uangalifu kwamba chuma kisitupwe juu ya mizani.

Kuhusu mabati, ieleweke kwamba namba ya geji ikiwa kubwa bati ni jembamba: geji 28 ni nene kuliko 30, na 30 ni nene kuliko 32. Wapo wanaodhani kinyume chake na kufurahia kuuziwa namba kubwa.

KAZI YENYEWE

Siku ya kuweka kamba za msingi mwenye nyumba awepo, hata kama itabidi aache shamba. Pembe hukaguliwa kwa kupima mita 3 upande mmoja na mita 4 upande wa pili. Kutoka alama hadi alama iwe mita 5 kamili. Kisha nyumba nzima ipimwe kwa mshazari, kona kwa kona. Kwa nyumba ya mita 9 kwa 8, kila mshazari uwe mita 12 na sentimita 4. Mishazari isipolingana, kamba zisogezwe siku hiyo hiyo. Kosa la msingi lisilosahihishwa kwa kamba husahihishwa baadaye kwa lipu nene na kwa mabati yanayokatwa upande.

Mchanganyiko wa zege huharibika kwa toroli. Fundi husema kwa ukweli kwamba anachanganya moja kwa mbili kwa nne, lakini "moja" yake ni mfuko wa lita 35, na "mbili" na "nne" zake ni toroli zilizojazwa mpaka kilele, ambazo kila moja huchukua kama lita 60. Zege aliloliita moja kwa mbili kwa nne limekuwa karibu moja kwa tatu na nusu kwa saba. Dawa yake ni kasha la mbao lisilo na kitako, lenye sentimita 40 kwa 35 kwa 25 kwa ndani. Kasha hilo ni lita 35, sawasawa na mfuko. Hujazwa, likasawazishwa kwa ubao, likainuliwa. Seremala hulitengeneza kwa nusu saa.

Maji nayo yapimwe. Zege jepesi kama uji hupendwa na vibarua kwa kuwa humwagika lenyewe, lakini maji ya ziada yakikauka huacha matundu ndani. Baada ya kumwagwa, hali hugeuka: zege na ukuta hutaka maji mengi. Jamvi, linta na matofali mapya yalowanishwe asubuhi na jioni kwa siku zisizopungua saba, na yafunikwe kwa magunia au majani ili jua lisinyonye unyevu. Gunia chakavu la korosho lililolowekwa hufanya kazi hii vizuri na huokoa ndoo nyingi. Mbao za chini ya linta, juu ya milango na madirisha, zisitolewe kabla ya siku 14, hata fundi akizihitaji kwingine.

Ukuta ukipanda, timazi ishushwe kila baada ya kozi tatu. Kipimo kingine chepesi ni kimo: kozi 10 zisizidi mita 2 na sentimita 40. Zikizidi, udongo wa saruji kati ya matofali ni mnene kuliko inavyopasa, na kila sentimita ya ziada ni saruji ya mwenye nyumba.

Juu ya paa yatosha kusema kwamba mbao ziwe zimekauka na kupakwa dawa ya mchwa kabla ya kupanda, kwamba vipande vya waya mnene vizikwe ndani ya linta ili vifunge kenchi na ukuta zisipeperuke, na kwamba misumari ya mabati ipigwe juu ya mgongo wa bati, si bondeni ambako maji hupita.

DAFTARI NA MALIPO

Daftari la ujenzi halina tofauti na kitabu cha ghala. Ukurasa mmoja kwa kila kifaa: tarehe, kilichoingia, kilichotoka, kilichobaki, na sahihi ya aliyekichukua. Kwa saruji, mifuko mitupu irudishwe kila jioni na kuhesabiwa. Ikiwa asubuhi ilitoka mifuko 12 na jioni imerudi mitupu 10, swali liulizwe jioni hiyo hiyo, kwa heshima, kabla halijawa tuhuma. Mara nyingine mfuko umesahauliwa nyuma ya rundo la mchanga.

Ufundi ulipwe kwa hatua. Mgawanyo unaofaa kwa nyumba ya kawaida ni sehemu 25 katika 100 baada ya msingi na jamvi, 25 baada ya kuta kufungwa linta, 20 baada ya kupaua, na 20 baada ya lipu na sakafu. Sehemu 10 zinazobaki zishikwe hadi nyumba ipite masika moja. Fundi asiachwe bila chakula kati ya hatua. Posho ndogo ya juma yaweza kuandikwa na kukatwa katika malipo ya hatua. Haki yake ilindwe kama ya mwenye nyumba, kwa maana fundi anayecheleweshewa malipo aliyostahili huacha kazi na kwenda kwingine, na hapo mwenye nyumba huanza upya na fundi asiyejua kilichozikwa ndani ya ukuta.

Mapatano yawe nakala tatu, na pamoja na majina na fedha yataje vipimo vya nyumba, mchanganyiko, nani ananunua vifaa, hatua za malipo, na muda. Katibu anaweza kuwa shahidi kwa jina lake mwenyewe. Muhuri wa chama usitumike, kwa kuwa chama si mdhamini wa mapatano ya mtu na fundi wake. Kumekuwa na makatibu waliojikuta barazani wakijibu deni ambalo halikuwa lao kwa sababu ya muhuri huo.

Vyama vya akiba na mikopo vina nafasi kubwa zaidi. Mkopo wa nyumba ukitolewa wote kwa siku moja, hutumika kama fedha ya mnada inavyotumika. Ukitolewa kwa hatua zile zile za malipo ya fundi, na mjumbe mmoja wa kamati ya mikopo akaenda kiwanjani na futi kamba kabla ya kila sehemu kutoka, mkopaji na chama hulindwa kwa pamoja. Vyama kadhaa vikikusanya orodha za kiasi za wanachama wao mwezi wa Septemba, vinaweza pia kuagiza saruji na mabati kwa lori zima, jambo ambalo mtu mmoja mwenye nyumba moja hawezi.

Nyumba ya yule Mzee ilisimama kwenye jamvi msimu wa kwanza, ikapauliwa msimu wa pili. Mwezi wa Mei, masika yalipokwisha, ufa mwembamba ulionekana kwenye kona ya dirisha la nyuma. Fundi aliitwa, akaubomoa hadi kwenye tofali, akaupigia lipu upya na kuumwagilia kwa juma zima. Siku ya nane alipokea sehemu zake 10 ofisini kwa Katibu, akahesabu, akatia sahihi chini ya sahihi ya Mzee, na nakala ya tatu ikafungwa katika jalada.